Dhamana ya Dikulushi

Kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, upande wa Kongo, kuna mji wa wavuvi uitwao Kilwa. Msomaji wa pwani asiuchanganye na Kilwa Kisiwani: huu uko ndani kabisa ya bara, katika eneo la Pweto, Katanga, na ng'ambo ya maji ni Zambia. Hata hivyo watu wa mashariki si wageni huko. Karne ya 19 misafara ya Waswahili na Wanyamwezi ilifika nchi hiyo kutafuta pembe za ndovu na shaba, na Msiri, mfanyabiashara mwenye asili ya Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, alijijengea ufalme Bunkeya kwa biashara hiyohiyo. Kiswahili kilichotangulizwa na misafara kikaja kuenezwa na migodi ya Wabelgiji. Mwaka 2004 mji wa Kilwa ulikadiriwa kuwa na watu wapatao 48,000, wengi wao wakiishi kwa samaki, mihogo na uchuuzi wa kuvuka ziwa.

Kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo kuna Dikulushi. Ukiupima kwa mashimo makubwa ya Kolwezi na Likasi, mgodi huu ni mdogo, lakini mwamba wake ulikuwa tajiri sana kwa shaba, tena wenye madini ya fedha ndani yake. Kampuni ya Anvil Mining, iliyoanzia Perth nchini Australia, ilipata haki ya kuchimba kwa mkataba wa mwaka 1998 na serikali ya Laurent-Désiré Kabila. Agosti ya mwaka huohuo vita vikalipuka na mipango ikasimama; uzalishaji ulianza mwaka 2002. Makinikia yalisafirishwa kwa malori hadi bandari ya Kilwa, yakavushwa ziwani kwa tishari mpaka upande wa Zambia, kisha yakaendelea na safari ya barabara kuelekea kusini. Bila Kilwa, mgodi haukuwa na mlango. Jambo hili tulishike tangu sasa, maana ndilo litakaloeleza haraka iliyoonekana Oktoba 2004.

Simulizi nyingi za migodi huanzia shimoni. Hii inapaswa kuanzia kwenye karatasi iliyopitishwa Washington mwezi Septemba 2004, mwezi mmoja kabla ya damu kumwagika.

Katika familia ya mashirika ya Benki ya Dunia kuna moja ambalo raia wa kawaida hulisikia mara chache: MIGA, wakala wa dhamana za uwekezaji, ulioanzishwa mwaka 1988. MIGA haikopeshi. Kazi yake ni kuuza bima. Kampuni inayotaka kuwekeza katika nchi yenye vita au serikali isiyotabirika hulipa ada kila mwaka, na MIGA hujifunga kuifidia endapo serikali itanyang'anya mali yake, endapo itazuiwa kuhamisha fedha zake nje, au endapo vita na ghasia zitaharibu mradi. Benki za biashara zinazoogopa kukopesha peke yao hulegea zikiuona mkono huo. Na kuna faida nyingine isiyoandikwa katika mkataba: serikali yoyote hufikiri mara mbili kabla ya kuusumbua mradi uliodhaminiwa na ndugu wa Benki ya Dunia, kwa sababu kesho itahitaji mkopo wa barabara au wa umeme kutoka nyumba hiyohiyo.

Bodi ilipitisha dhamana ya dola milioni 13.3 kwa ajili ya Dikulushi. Kwa viwango vya Washington hizo ni fedha ndogo. Maafisa walikuwa wamepima athari kwa mazingira, wakapima uwezo wa kampuni, wakapima hatari ya vita. Lakini hatari waliyoipima ilikuwa ile inayoweza kuupata mgodi. Swali la upande wa pili, yaani mgodi wenyewe unaweza kuwaletea hatari gani watu wanaouzunguka, ikiwa siku moja jeshi litaitwa kuulinda, halikupewa uzito wake. Ni sawa na kulikatia basi bima kubwa bila kuuliza dereva ni nani na barabarani wanapita akina nani. Nadhani kila kilichofuata kinatoka katika pengo hilo, na ndiyo maana historia hii inanigusa kuliko nyingine nyingi za migodi: hakuna aliyepanga mauaji pale Washington, na bado Washington ilikuwamo.

Tusidhani pia kwamba wakopeshaji hawakuijua nchi waliyokuwa wakiingia. Walikuwa na kumbukumbu ya miongo mitatu. Mobutu alipotaifisha Union Minière mwaka 1967, shaba ya Katanga iliingia mikononi mwa shirika la umma lililokuja kuitwa Gécamines, na Gécamines ikawa mfuko wa serikali na wa wakubwa wake. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimpeleka Kinshasa mtaalamu wa Kijerumani, Erwin Blumenthal, akasimamie benki kuu ya Zaire. Aliona jinsi mipaka kati ya hazina ya taifa na mfuko wa rais ilivyofutika. Alikaa takribani mwaka mmoja akaondoka, na mwaka 1982 akaandika ripoti iliyosema waziwazi kwamba wakopeshaji wasitarajie kurudishiwa fedha zao. Ripoti ikasomwa, mikopo ikaendelea. Sababu haikuwa siri: ilikuwa enzi ya Vita Baridi, na Mobutu alikuwa mtu wa Magharibi. Alipokimbia Mei 1997 aliwaachia wananchi deni la nje la zaidi ya dola bilioni 10. Gécamines, ambayo katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka, ilikuwa imeporomoka hata katikati ya miaka ya 1990 haifikishi tani 50,000.

Laurent-Désiré Kabila aliuawa Januari 2001 na mwanawe Joseph akashika nchi. Milango ya Benki ya Dunia ikafunguka upya. Mwaka 2002, kwa msaada na ushauri wa Benki, Kongo ilipata sheria mpya ya madini iliyolenga kuwavuta wawekezaji binafsi. Mwaka 2003 Benki iligharamia mpango wa kupunguza wafanyakazi wa Gécamines: zaidi ya watu 10,000 waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa hiari, wengi wao wakiwa wamekaa muda mrefu bila mshahara. Zile shule na hospitali za shirika, ambazo kwa familia za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilikuwa ndiyo dola yenyewe, zilidhoofika pamoja na ajira. Katika hali hiyo, kijana wa Katanga aliyeona malori ya makinikia yakipita hakuhitaji kusoma ripoti yoyote ili ajiulize utajiri unakwenda wapi.

Na huko juu swali lilikuwa limeanza kuulizwa pia. Mwaka 2000 rais wa Benki, James Wolfensohn, akibanwa na wanaharakati, alikubali tathmini huru ya kazi ya Benki katika mafuta, gesi na madini. Aliyepewa kuiongoza ni Emil Salim, aliyewahi kuwa waziri wa Indonesia chini ya Suharto, mtu ambaye kwa hiyo aliyajua maendeleo ya mtutu wa bunduki kwa karibu. Ripoti yake ilikamilika mwisho wa 2003. Haikutaka Benki ijiondoe kabisa kwenye madini, ila ilitaka masharti yatangulie fedha: utawala unaowajibika, kuheshimiwa kwa haki za binadamu, na ridhaa ya jamii zinazoishi juu ya mwamba. Katikati ya 2004 uongozi wa Benki ulitoa majibu yake. Ulikubali mengi kwa maneno, na yaliyokuwa magumu ukayalainisha. Wiki chache baadaye faili la Dikulushi likafika mezani.

Usiku wa kuamkia tarehe 14 Oktoba 2004 watu wachache, hata kumi hawakufika, waliingia Kilwa. Kiongozi wao, Alain Kazadi Makalayi, alikuwa kijana wa miaka kama 20, mvuvi kutoka Pweto, na kundi lake lilijiita vuguvugu la mapinduzi la ukombozi wa Katanga. Silaha zao zilikuwa chache. Walichukua bunduki za polisi, wakavuta vijana wa mjini, baadhi kwa ahadi, na idadi yao ikakaribia mia. Asubuhi Kazadi aliwahutubia watu. Alitangaza uhuru wa Katanga, na kwa mujibu wa wachunguzi wa Umoja wa Mataifa alisema pia kwamba wakati wa Rais Kabila na Katumba Mwanke kujazia mifuko fedha za migodi umekwisha.

Jina la pili linataka maelezo. Augustin Katumba Mwanke, aliyekuwa gavana wa Katanga, alikuwa mshauri wa karibu kabisa wa Joseph Kabila. Alikuwa pia amekaa katika bodi ya tawi la Anvil nchini Kongo hadi mwaka 2004. Kampuni ilieleza kwamba aliketi pale kuiwakilisha serikali. Hata tukiyapokea maelezo hayo kama yalivyo, mtu wa Kilwa hakuwa na namna ya kutofautisha mgodi na Ikulu, kwa kuwa aliona sura ileile pande zote mbili. Hapa ndipo neno «hatari ya kisiasa», linaloonekana safi katika mkataba wa bima, linapopata uso wa watu: mgodi wenye mtu wa rais katika bodi yake utalindwa kama mali ya rais.

Uasi ule haukuwa na nguvu ya kudumu hata wiki. Anvil iliwaondoa baadhi ya wafanyakazi wake kwa ndege. Bandari ilifungwa, makinikia yakakwama. Amri kutoka Kinshasa ilikuwa mji urudishwe ndani ya saa 48, na kazi hiyo akapewa Kanali Adémar Ilunga, kamanda wa Brigedi ya 62 iliyokuwa Pweto. Wakazi walipopata fununu ya jeshi kuja, sehemu kubwa yao walikimbia, wengine vichakani, wengine kwa mitumbwi kuelekea visiwani na Zambia. Waliobaki walikuwa wazee, wagonjwa, waliokosa nauli ya mtumbwi, na walioamini kwamba asiye na kosa hana la kuogopa.

Tarehe 15 Oktoba jeshi liliushambulia mji kwa mizinga, na upinzani ukaisha kwa muda mfupi. Kisha askari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Walioshukiwa kuwa waasi, au kuwapokea waasi, walikamatwa, wakapigwa, na baadhi wakapelekwa nje ya mji mahali paitwapo Nsensele, wakauawa na kuzikwa katika kaburi la halaiki. Nyumba ziliporwa, wanawake wakabakwa. Kazadi alijeruhiwa, akachukuliwa, akafa akiwa mikononi mwa dola. Wachunguzi wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa, MONUC, walifika kwanza tarehe 22 Oktoba. Katika uchunguzi wao waliorodhesha watu wasiopungua 73 waliopoteza maisha, na kati yao wasiopungua 28 walikuwa wameuawa bila kesi wala hukumu. Mashirika ya haki za binadamu yaliyoendelea kuhoji familia kwa miaka iliyofuata yaliona kwamba hata hesabu hiyo ilikuwa pungufu.

Jeshi hilo lilifikaje? Lilikuwa jeshi la nchi iliyotoka vitani, mara nyingi halina mafuta, halina magari, halina posho. Ndege iliyokodiwa na Anvil ilileta askari kutoka Lubumbashi. Magari ya Anvil, yakiendeshwa na madereva wa Anvil, yalitumiwa na jeshi mjini, na mashahidi walieleza kwamba yalibeba watu waliokamatwa, maiti na mali iliyoporwa. Kampuni ilitoa pia chakula, na baadhi ya askari walipewa fedha. Anvil haikukana kwamba vyombo vyake vilitumika. Ilisema ilitakiwa kuvitoa na mamlaka halali ya nchi, kwamba haikuwa na uwezo wa kukataa, na kwamba haikujua wala haikuwa na udhibiti wa kile ambacho askari wangefanya. Mgodi ulirudi kazini baada ya siku chache. Katika taarifa yake ya robo mwaka kwa wanahisa, kampuni iliusifu mwitikio wa haraka wa serikali na jeshi, ulioiwezesha kurejea katika uzalishaji. Watu wa Kilwa waliokufa hawakutajwa.

Nimeurudia utetezi ule wa kampuni mara nyingi akilini, kwa sababu una uzito wake. Mkuu wa mgodi porini, akiombwa magari na afisa wa jeshi mwenye bunduki, atakataa vipi? Ila swali hilo halikuwa geni mwaka 2004. Miaka minne kabla, serikali za Marekani na Uingereza pamoja na makampuni makubwa ya mafuta na madini na mashirika ya haki za binadamu walikuwa wametunga Misingi ya Hiari ya Usalama na Haki za Binadamu, baada ya maafa ya Nigeria, Kolombia na kwingineko. Misingi hiyo inazungumzia hasa hali kama hii: kampuni itathmini mapema mwenendo wa jeshi litakaloilinda, ikubaliane nalo masharti, ifuatilie matumizi ya vifaa vyake, na ikisikia uovu iandike na kuripoti. Utetezi wa kutoweza kukataa unaeleza saa ile ya kuombwa funguo. Hauelezi miezi iliyotangulia, wala ukimya uliofuata.

Ukimya huo ulidumu miezi kadhaa. Juni 2005 televisheni ya taifa ya Australia, ABC, ilirusha uchunguzi juu ya Kilwa, na dunia nje ya Katanga ikasikia. Mashirika ya haki za binadamu ya Lubumbashi, hasa ASADHO ya Katanga na ACIDH, yalikuwa tayari yamekusanya ushahidi, yakishirikiana na RAID ya Uingereza. Shinikizo likahamia Washington, na Paul Wolfowitz, aliyekuwa ndiyo kwanza ameupokea urais wa Benki, akaagiza ukaguzi ufanywe na CAO, ofisi ya uangalizi na malalamiko inayohusika na mikono ya Benki inayofanya kazi na sekta binafsi.

Msomaji wa Tanzania huenda akakumbuka kwamba ofisi hiyo ilikuwa imekwisha kufika kwetu. Mwaka 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa kwa nguvu Bulyanhulu, Kahama, ili kuipisha kampuni iliyokuwa mali ya Sutton Resources ya Kanada, na yakazuka madai kwamba zaidi ya 50 kati yao walifukiwa hai mashimoni. Serikali na kampuni zilikana. Barrick ikainunua Sutton mwaka 1999, na mwaka uliofuata MIGA ikatoa dhamana ya dola milioni 172. LEAT, chama cha wanasheria wa mazingira cha Dar es Salaam, kilipeleka malalamiko CAO mwanzoni mwa 2002. Ripoti iliyotoka mwezi Oktoba haikuona msingi wa madai ya mauaji. LEAT iliikataa na kutaka uchunguzi huru. Wakati huohuo viongozi wake, Rugemeleza Nshala na Tundu Lissu, walifunguliwa mashtaka ya uchochezi kwa kulisemea jambo hilo. Siwezi kusema nini hasa kimelala chini ya mashimo ya Bulyanhulu, na nisingependa kuyafananisha mambo mawili yasiyo na ushahidi sawa. Ninachokiona kinachofanana ni mpangilio: mwekezaji amekingwa, dola inamlinda, na anayeuliza ndiye anayekuja kusimamishwa kizimbani.

Ukaguzi wa Dikulushi ulikamilika mwishoni mwa 2005 na kuwekwa hadharani Februari 2006. CAO haikuwa na mamlaka ya kuchunguza mauaji yenyewe. Ilichunguza kama MIGA ilifanya kazi yake. Ilikuta kwamba kabla ya kutoa dhamana MIGA haikuzingatia ipasavyo kama kuingia kwake kungeathiri mwenendo wa mgogoro uliokuwapo, wala kama mpango wa ulinzi wa mgodi ungeweza kuwaletea wakazi madhara. Ilikuta pia kwamba MIGA haikuelewa vizuri Misingi ya Hiari inadai nini, wala haikujiridhisha kwamba mteja wake ana uwezo wa kuitekeleza. Kwa lugha ya ofisi, hayo ni mapungufu ya utaratibu. Mtu aliyepoteza mwana Nsensele angeyaita kwa jina lingine.

Ukaguzi ule haukupotea bure, na ni haki kulisema hilo. Mwaka 2006 IFC, ndugu wa MIGA anayekopesha makampuni, ilitoa viwango vipya vya utendaji vinavyomtaka mwekezaji apime hatari ambazo walinzi wake wanaweza kuwaletea wananchi, na MIGA ikavichukua mwaka uliofuata. Mwaka 2008 MIGA ilitoa mwongozo wa namna ya kuitekeleza Misingi ya Hiari migodini. Wafanyakazi wa mashirika ya fedha wanaofungua mafaili ya migodi leo hukuta maswali ambayo mwaka 2004 hayakuwapo katika fomu zao, na baadhi ya maswali hayo yalilipiwa Kilwa.

Familia zenyewe zilikuwa zikitafuta kitu tofauti na fomu. Oktoba 2006 mwendesha mashtaka wa kijeshi wa Lubumbashi, Kanali Eddy Nzabi Mbombo, alifanya jambo lisilo la kawaida Kongo wala kwingineko: aliwashtaki Kanali Ilunga na askari wengine, na pamoja nao wafanyakazi watatu wa kigeni wa Anvil, kwa kusaidia uhalifu wa kivita. Kesi ilianza Desemba. Muda si mrefu mwendesha mashtaka huyo akahamishwa. Wahanga na mashahidi walitoka zaidi ya kilomita 300, njia ikiwa mbaya na nauli hawana. Tarehe 28 Juni 2007 mahakama ya kijeshi iliwaachia huru wote kuhusu matukio ya Kilwa, ikisema waliokufa walikufa katika mapigano. Kanali Ilunga alifungwa maisha, lakini kwa mauaji mengine yasiyohusiana na Kilwa. Louise Arbour, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alieleza hadharani wasiwasi wake kwamba mahakama imeona ajali za vita pale ambapo mashahidi na vielelezo vilionyesha ukatili wa makusudi. Rufaa ikagonga mwamba kabla ya mwaka kwisha. Polisi wa Australia, waliokuwa wamefungua uchunguzi wao mwaka 2005, nao wakaufunga.

Ikabaki Kanada, ambako Anvil ilikuwa imeorodhesha hisa zake na kufungua ofisi Montreal. Novemba 2010 umoja ulioundwa kwa ajili ya wahanga ulifungua shauri la pamoja katika mahakama kuu ya Quebec. Aprili 2011 jaji alikubali kulisikiliza, na kwa mara ya kwanza ilionekana kama watu wa Kilwa watakutana na kampuni mbele ya mahakama isiyoogopa jeshi la mtu. Furaha hiyo haikufikisha mwaka. Januari 2012 mahakama ya rufaa ilibatilisha uamuzi: ofisi ya Montreal ilifunguliwa baada ya matukio, ikasema, na haikuhusiana nayo, isitoshe, haikuthibitishwa kwamba haki haiwezi kupatikana Kongo au Australia. Novemba 2012 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kuisikiliza rufaa, bila kutoa sababu, kama ilivyo desturi yake. Hoja ya kwamba waende wakadai Kongo ilitolewa kwa watu waliokuwa tayari wamekwenda, wakashindwa, na ambao mawakili wao walikuwa wakitishwa.

Mapema mwaka huohuo wa 2012 Anvil yenyewe ilinunuliwa na MMG, kampuni iliyo chini ya Minmetals ya China, kwa dola za Kanada bilioni 1.3. Thamani yake kubwa wakati huo ilikuwa mgodi wa Kinsevere karibu na Lubumbashi. Dikulushi ilikuwa imesimamishwa mwishoni mwa 2008 bei ya shaba ilipoanguka, kisha ikauzwa kwa kampuni nyingine mwaka 2010. Februari 2012 Katumba Mwanke alikufa katika ajali ya ndege Bukavu. Mmoja baada ya mwingine, wahusika waliondoka jukwaani.

Lilibaki shauri moja, na hilo lilikuwa la Kiafrika. Mwaka 2010, taasisi ya haki za binadamu na maendeleo yenye makao Banjul, pamoja na ACIDH na RAID, walikuwa wamepeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu dhidi ya serikali ya Kongo, kwa niaba ya wahanga wanane na familia zao. Tume haina polisi wala magereza. Ilichukua muda mrefu, na uamuzi wake ulitangazwa Agosti 2017, karibu miaka 13 baada ya mizinga. Iliona kwamba Kongo ilivunja vifungu tisa vya Mkataba wa Afrika. Iliagiza fidia ya dola milioni 2.5. Iliagiza uchunguzi ufunguliwe upya na wahusika washtakiwe, wakiwamo watumishi wa Anvil, na ingawa kampuni haikuwa mshtakiwa, Tume iliikemea kwa jina. Iliitaka serikali ifukue miili ya Nsensele na kuizika kwa heshima, ijenge kumbukumbu, itoe huduma kwa walioathirika kiakili, na ikarabati shule na hospitali zilizoharibiwa.

Miaka ilipita baada ya uamuzi huo bila fidia kulipwa. Joseph Kabila aliondoka madarakani Januari 2019, Félix Tshisekedi akaingia, na deni likahamia kwa serikali mpya pamoja na nembo na bendera. Dola milioni 2.5 ni chini ya moja ya tano ya ile dhamana iliyopitishwa Septemba 2004. Zile za mwekezaji zilikuwa na mkataba, ratiba ya malipo, na wakala aliyejifunga kuzitoa siku mali ikiguswa. Hizi za wahanga zina uamuzi wa Tume, orodha ya majina, na watu wa Kilwa na Lubumbashi wanaoendelea kuzidai.